Kuyafikia Mafaili ya Ofisi Ukiwa Mbali na Ofisi



Mtumishi aliye nyumbani au safarini akitaka faili lililo katika seva ya ofisi, hutafuta njia ya mkato. Leo nawaomba tuitazame njia hiyo kabla ya kuipita, kwa kuwa mafaili hayo si mali yetu peke yetu. Yamebeba mishahara ya wenzetu na namba za vitambulisho vya wateja.

Ndani ya ofisi zilizo nyingi, seva huzigawia kompyuta mafaili kupitia mlango wa mawasiliano wenye namba 445. Mlango huo ni wa matumizi ya ndani. Wapo mafundi ambao, kwa kutaka wepesi, huufungua uonekane katika intaneti nzima. Mtumishi hupata pa kuingilia. Mwizi naye hupata pa kujaribia usiku na mchana.

Madhara yake yalikwisha kuonekana. Tarehe 12 Mei 2017, programu haribifu iitwayo WannaCry ilienea kupitia mlango huohuo, ikifunga mafaili na kudai dola 300 za Marekani kwa kila kompyuta. Huko Uingereza, maelfu ya miadi ya wagonjwa katika hospitali za umma iliahirishwa. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho ya kasoro hiyo mwezi Machi, lakini kompyuta nyingi zilikuwa hazijawekewa.

Njia iliyo salama zaidi ni ile ijulikanayo kwa herufi VPN. Kompyuta hujitambulisha kwanza katika lango la ofisi. Ikikubaliwa, mawasiliano husafiri yakiwa yamefumbwa, asiweze kuyasoma aliye njiani.

Hata hivyo, zingatieni mambo manne. Kwanza, VPN hiyo itolewe na mwajiri. Ile ya bure inayopakuliwa ovyo haiwafikishi kwenye seva ya ofisi; huyapitisha mawasiliano yenu mikononi mwa msiyemjua. Pili, nywila peke yake haitoshi: takeni uthibitisho wa hatua mbili, na tarakimu mnazotumiwa kwenye simu msimtajie mtu yeyote, hata akijiita fundi wa ofisi. Tatu, msifungue mafaili ya kazi katika kompyuta ya kukodi, kwani hamjui imewekewa nini. Nne, mulizeni mwajiri kama ametimiza masharti. Hapa Tanzania, mwezi Oktoba 2023, Mamlaka ya Mawasiliano iliwataka watu na makampuni ambao shughuli zao zinahitaji VPN kutoa taarifa zao.

Na kompyuta ya kazi ikipotea au kuibwa, toeni taarifa ofisini saa hiyohiyo, ili ruhusa yake ya kuingia ifutwe. Aibu ya kusema mapema ni ndogo kuliko hasara ya kunyamaza.