Dominika ya 25 ya Mwaka C: Mizani Mkononi mwa Mtoto



Masomo ya leo yanahusu fedha, na padre anayehubiri juu ya fedha hutazamwa kwa jicho la mashaka, maana watu hudhani kwamba mwishoni atatangaza mchango. Leo hakuna mchango. Leo ninayo hesabu yangu mwenyewe ya kutoa.

Katika Injili, Mwinjili Luka (16:1-13) anatuletea habari za wakili aliyeshitakiwa kwa bwana wake kwamba anatapanya mali. Angalieni jinsi habari yenyewe inavyoanza: mashitaka, amri ya kutoa hesabu na tangazo la kuondolewa kazini, vyote kwa pumzi moja. Wakili yule hakuwa mtu mwema, hilo twalijua. Lakini nimewahi kujiuliza ingekuwaje kama mashitaka yale yangekuwa ya uongo. Mwaka 2025 nilipata jibu, wala sikulipata vitabuni.

Katika mojawapo ya Jumuiya Ndogo Ndogo za parokia yangu, mhazini alikuwa mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi. (Kisa hiki sikukisikia katika kitubio, na wahusika wenyewe wameniruhusu kukisimulia pasipo majina.) Mama huyo alitunza mfuko wa wagonjwa. Kwa kuwa Jumuiya haina akaunti yake, fedha hizo aliziweka katika akaunti yake ya mshahara, na kila senti akaiandika daftarini. Si utaratibu mzuri, nakiri, lakini ndivyo Jumuiya nyingi zinavyoishi. Mwezi Juni mzee mmoja alitakiwa kupelekwa hospitali ya rufaa. Mama akaenda benki kutoa shilingi 300,000 za mfuko, na mashine ikamwonyesha salio lisilofika hata shilingi 40,000.

Jumuiya ikakutana jioni ileile. Mzee alikwisha kusafirishwa kwa fedha za kukopa, na watu walikuwa na uchungu. Wengine walitaja gauni jipya alilovaa mama huyo siku ya Pasaka. Nilikuwapo. Nami, paroko wao, nilisema maneno ambayo wakati ule niliyaona kuwa ya hekima: kwamba kwa ajili ya amani mama akabidhi daftari kwanza, uchunguzi ufuate baadaye. Mama akanitazama, kisha akalitoa daftari mkobani na kuliweka juu ya meza. Mtoto wake wa kiume, mwenye umri wa miaka kumi, alikuwa ameketi kizingitini pa mlango, simu ya mama yake mkononi, akicheza.

Siku ya Jumatatu mama aliomba taarifa ya akaunti yake. Alipewa karatasi tatu. Ndani ya majuma saba palikuwa na makato 31. Dogo kuliko yote lilikuwa la shilingi elfu mbili na ushei, kubwa la shilingi 26,000, na jumla yake shilingi 412,000. Yote yalikwenda kwa jina moja, jina la duka la programu za simu. Mama hakuwa amenunua kitu. Twasema haba na haba hujaza kibaba; basi, ndugu zangu, haba na haba hukikomba kibaba vilevile.

Mambo yalikwenda hivi. Miezi kadhaa nyuma, mama alikuwa amenunua dukani humo programu ndogo ya kufundishia hesabu, akaandika namba za kadi yake ya benki. Duka likazihifadhi. Baadaye mtoto alipotaka kufungua masomo hayo, mama, aliyekuwa jikoni, akamtajia namba ya siri. Mtoto alikuwa na mchezo wake katika simu hiyohiyo, ambao sitautaja jina. Mchezo wenyewe haulipiwi. Yeyote huupakua bure. Lakini ndani yake mna almasi, na kwa almasi mchezaji hununua mavazi, silaha na ngoma za ushindi, na asiye navyo huchekwa na wenzake. Almasi ndizo zinazonunuliwa kwa fedha. Nilipomwuliza mtoto kama alijua kwamba anatumia fedha za mama, alinijibu, “Padre, mimi nilinunua kwa almasi.”

Katika kikao cha pili mama alizisoma zile karatasi tatu mstari kwa mstari, mbele ya watu walewale. Aliponyamaza, kila mmoja aligeuka kumtazama mtoto. Baba yake, dereva wa malori aliyekuwa amerudi safari siku hiyohiyo, alikwisha kushika mkanda wake. Ndipo bibi mmoja mzee, ambaye kwa kawaida husinzia vikaoni, akauliza, “Hapa yupo mtoto, yupo mama, yupo na Padre. Muuzaji mbona simwoni?”

Wapendwa wangu, nabii Amosi (8:4-7) alikuwa amekwisha kuliuliza swali hilo karne ya nane kabla ya Kristo. Somo la kwanza la leo linawahusu wafanyabiashara waliongojea kwa hamu sabato ipite wapate kufungua ghala. Waliipunguza efa, ndicho kipimo cha nafaka, na kuiongeza shekeli, ndilo jiwe la kupimia fedha, kisha wakazichezea na mizani zenyewe. Maskini alipewa pungufu, akalipishwa zaidi, asiione hila iliyomo ndani ya mizani. Mimi naona kwamba almasi ile ni mizani ya namna hiyo. Fedha ya kweli, yenye jasho la mama, hugeuzwa kuwa kitu kingine chenye jina zuri, na kuanzia hapo bei haisomwi tena kwa shilingi. Mtu mzima hupata shida kufanya hesabu ya kuirudisha. Mtoto wa darasa la nne haoni hata kwamba kuna hesabu ya kufanya.

Asije mtu akadhani kwamba padre ameona kisa kimoja akaulaumu ulimwengu. Huko Marekani jambo hili limefika mbele ya vyombo vya sheria zaidi ya mara moja. Mwezi Januari 2014, tume ya serikali inayosimamia haki katika biashara ilifikia mapatano na kampuni ya Apple, nayo ikakubali kurudisha dola milioni 32.5 au zaidi kwa wateja waliotozwa kwa manunuzi ya watoto yasiyo na idhini. Kilichogunduliwa ni hiki: mzazi alipoandika namba yake ya siri mara moja, mlango ulibaki wazi kwa dakika 15, na katika muda huo mtoto aliweza kununua bila kikomo, wala mzazi hakuwa ameambiwa kuhusu dakika hizo. Mama mmoja alieleza kwamba binti yake alitumia dola 2,600 katika mchezo wa kutunza wanyama.

Mwezi Desemba 2022 ikafika zamu ya Epic Games, wenye mchezo uitwao Fortnite. Kampuni hiyo ilikubali kutoa dola milioni 245 za kuwarudishia watu. Tume ilieleza kwamba kadi za wazazi zilihifadhiwa, na kwamba hadi mwaka 2018 watoto waliweza kununua fedha za mchezo kwa kubonyeza tu. Vitufe vyenyewe vilipangwa hivi kwamba mchezaji aliweza kutozwa alipokuwa akitaka kukitazama tu kitu, au hata mchezo ulipokuwa bado unafunguka. Na aliyelalamika kwa kampuni ya kadi yake alifungiwa akaunti, akapoteza hata vile alivyovilipia kwa halali. Dola milioni 72 za kwanza zilianza kurudishwa Desemba 2024. Bibi yetu hajui kusoma, na habari hizi hakuwa amezisikia. Lakini alijua kwamba panapouzwa kitu lazima awepo muuzaji.

Mtakatifu Thomas wa Akwino, tuliyesomeshwa seminarini kwa jasho jingi, anafundisha kwamba muuzaji anapaswa kuidhihirisha kasoro iliyofichika ya bidhaa yake, ikiwa kasoro hiyo yaweza kumletea mnunuzi hasara au hatari. Nayo Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 2409) inahesabu kuwa kinyume cha amri ya saba kupandisha bei kwa kutumia ujinga au shida ya mwingine. Kwa sheria za nchi yetu, mtoto wa miaka kumi hawezi kufunga mkataba wa kuuza hata mbuzi mmoja. Yawezekanaje basi kidole chake kiaminiwe kufunga mikataba 31, na mtu aliye mbali azipokee fedha zake bila kuuliza ni kidole cha nani?

Hata hivyo, nisimtue mtoto mzigo wote. Tulipozungumza taratibu, mimi na yeye, chini ya mwembe, alinieleza jambo ambalo karatasi za benki hazikuwa nalo. Kila alipobonyeza, simu ilipokea ujumbe mfupi wa benki. Ule wa kwanza hakuuelewa. Wa pili aliusoma, akauelewa, akaufuta. Na mingine yote aliifuta. Sheria za Kanisa (Kanuni ya 97) humhesabu mtoto aliyetimiza miaka saba kuwa na matumizi ya akili, na mtoto huyu akili anazo. Katika kununua alidanganywa. Katika kufuta alidanganya. Wazazi wengi hawayatenganishi mambo haya mawili, humchapa mtoto kwa lile ambalo hakulijua, na lile alilolijua hawalijui wao. Nilimwomba baba aufunge mkanda wake na kumwuliza mwanawe juu ya zile meseji tu. Walizungumza hadi usiku, na mtoto alilia kuliko ambavyo angelizwa na mkanda.

Bwana wetu anatuambia leo kwamba wana wa ulimwengu huu huwashinda wana wa nuru kwa busara katika shughuli zao. Wanaotengeneza michezo hii ni watu werevu sana. Sisi je? Twampa mtoto simu ili anyamaze, tupate kusali rozari kwa utulivu! Nawasihi leo, mtakapotoka kanisani, mzichukue simu zenu. Kama kuna kadi ya benki iliyohifadhiwa katika duka la programu na hamna haja nayo, iondoeni. Kama mnaihitaji, katika mipangilio ya duka chagueni kwamba namba ya siri iulizwe kwa kila ununuzi, si mara moja tu, na namba hiyo mtoto asiijue. Ipo pia njia ya kumfungulia mtoto akaunti yake chini ya mzazi, ili kila anachotaka kununua kije kwanza kwa mzazi kuombewa ruhusa. Wasiojua watafuteni vijana wa kwaya, hao wanajua kila kitu. Na mkikuta makato msiyoyatambua, ombeni fedha zenu upesi kwa duka lenyewe, kupitia orodha ya manunuzi iliyomo humo, na kuwaarifu watu wa benki, maana kadiri siku zinavyopita ndivyo masikio yao yanavyozidi kuwa mazito. Mama yetu alirudishiwa makato tisa ya mwisho, shilingi 118,000. Yaliyotangulia, duka lilijibu kwamba muda wake umepita.

Imebaki hesabu yangu. Mimi nilitaka daftari kabla ya kuona karatasi hata moja. Bwana wa yule wakili alisikia uvumi akatoa hukumu, nami nilifanya vivyo hivyo, tena mbele ya mtoto wa mshitakiwa. Siku nne tu baadaye ukweli ulikuwa mezani, lakini siku nne zinatosha kwa jina la mtu kuzunguka kijiji kizima na kwenda hadi sokoni. Nilirudi katika Jumuiya ileile, nikasimama mahali pale niliposimama mara ya kwanza, nikamwomba mama msamaha kwa sauti ya kusikika. Alinisamehe. Nikamwomba alichukue tena daftari la mfuko. Akasema, “Nashukuru, Baba Paroko, lakini hapana.” Sikumsihi.

Daftari analo sasa mzee mmoja mstaafu, na Jumuiya imeanza taratibu za kufungua akaunti yenye watia saini watatu. Fedha za mfuko mama alizirudisha zote mwezi Agosti kutoka katika mshahara wake. Ila mtoto mwenyewe aliuza majogoo wake wawili, na tangu hapo kila Alhamisi huja mbele ya Jumuiya na sarafu zake, humhesabia mama yake juu ya meza ileile, kwa sauti, na bibi yule mzee hukaa karibu, macho wazi, akizifuata kwa kidole. Alhamisi iliyopita zilikuwa shilingi 1,500.