Fezi Tatu na Mashine ya Kusaga

Mwenye mashine ya kusaga ya umeme, awe Kimuli au Nkwenda, huuogopa mlio mmoja: mota inavuma tu bila kuzunguka. Asipoizima upesi, harufu ya waya unaoungua itawafikia akina mama waliopanga foleni na madebe yao. Fundi atakuja na kusema, "Fezi moja imekatika." Fezi hizo ni kitu gani?

Twendeni Mto Kagera, pale Murongo, mpakani mwetu na Uganda, kwenye mitambo ya Kikagati ya megawati 14. Maji yanasukuma gurudumu la mapanga, nalo linazungusha sumaku kubwa katikati ya matita ya waya wa shaba. Michael Faraday alionyesha mwaka 1831 kuwa sumaku ikipita karibu na waya, ndani ya waya huzaliwa msukumo wa umeme, yaani volti. Sumaku ikisimama, hata iwe na nguvu namna gani, hupati kitu.

Ncha moja ya sumaku ikipita, msukumo unaelekea upande huu; ncha ya pili ikipita, unageuka. Kwetu mzunguko huo hutimia mara 50 kwa sekunde. Sasa, matita yamegawanywa katika mafungu matatu, kila fungu likiwa mbali na jenzake kwa theluthi ya duara. Kwa hiyo hayafiki kileleni pamoja. Mmewaona watu watatu wakitwanga kinu kimoja? Mchi mmoja unashuka, mwingine unapanda, wala kinu hakipumziki.

Ndiyo maana kati ya waya wa fezi na nyutro kuna volti 230, lakini kati ya fezi mbili hatupati 460, bali 400.

Jenereta ya dizeli nayo ni hivyo hivyo. Ile yenye ncha nne za sumaku sharti izunguke mara 1,500 kwa dakika. Injini ikilegea, mizunguko ya umeme inapungua, na volti nazo huanguka.

Turudi kwa mwenye mashine. Mchi mmoja ukikosekana, mota iliyosimama haipati tena msukumo wa kuizungusha. Ile iliyokuwa ikizunguka huvuta umeme kupita kiasi katika nyaya zilizobaki, ikapata moto. Ipo swichi ya kukata umeme mota inapozidiwa, lakini wengine huiruka kwa kipande cha waya, eti inawasumbua kwa kukatakata kazi.