Mhandisi wa Reli Huanzia Shuleni

(Mazungumzo na wanakisomo wa Yombo, Temeke)



Juma lililopita mama mmoja wa darasa letu alinifuata baada ya kipindi. Akaniuliza: "Mwalimu, binti yangu anaingia Kidato cha Tatu. Siku zote alisema atakuwa mhandisi wa reli. Sasa anataka kuacha Fizikia. Wenzake wanamwambia hiyo ni kazi ya wanaume. Nimwambie nini?"

Nilimjibu: "Mama, usikubali aiache." Leo nitaeleza kwa nini.

Kwanza, mhandisi wa reli ni nani? Siye dereva wa treni, wala siye mkata tiketi. Ni mtaalamu anayepima, anayepiga hesabu na kuamua. Yupo anayeshughulikia njia na madaraja. Yupo wa vichwa vya treni na mabehewa. Yupo wa umeme na ishara.

Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Upana kati ya vyuma vyake ni milimita 1,000. TAZARA ilianza kujengwa mwaka 1970, ikakabidhiwa mwaka 1976. Upana wake ni milimita 1,067. Haya, toeni! Tofauti ni milimita 67, kama upana wa vidole vinne hivi. Lakini kwa vidole hivyo vinne tu, behewa la TAZARA haliwezi kupita juu ya Reli ya Kati. Reli mpya ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria wa Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, ina upana wa milimita 1,435. Mnaona? Reli ni hesabu.

Tena hesabu hizo hulinda roho za watu. Tarehe 24 Juni 2002, katika Mkoa wa Dodoma, treni ya abiria ilishindwa kupanda mlima. Ikarudi nyuma kwa kasi, ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Kazi ya reli haitaki kubahatisha.

Je, mtoto apite wapi? Ziko njia mbili.

Njia ya kwanza: afaulu Hesabu, Fizikia na Kemia Kidato cha Nne. Asome masomo hayo Kidato cha Tano na cha Sita. Kisha asome uhandisi chuo kikuu, miaka minne.

Njia ya pili: baada ya Kidato cha Nne aingie chuo cha ufundi, kama Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam. Asome miaka mitatu awe fundi sanifu. Baadaye anaweza kuendelea na digrii.

Akipata digrii bado hajamaliza. Hufanya kazi chini ya wahandisi wazoefu, kwa kawaida miaka mitatu. Ndipo huomba kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi.

Tujumlishe njia ya kwanza, tangu Kidato cha Tatu: 2 + 2 + 4 + 3 = 11. Ni miaka mingi, kweli. Lakini hata mnazi hauzai mwaka unaopandwa.

Njia zote mbili hupitia kwenye Fizikia. Mtoto akiiacha Kidato cha Tatu, amejifungia mlango mwenyewe.

Basi wazazi, tufanye haya:

1. Tukague daftari la mtoto kila juma. Sasa tunajua kusoma.
2. Tumpe nafasi ya kusoma jioni, msichana sawasawa na mvulana.
3. Twende shuleni tukazungumze na mwalimu kabla mtoto hajachagua masomo.

Mama yule alipoanza kisomo, majirani walimcheka. Walisema mtu mzima hawezi kujifunza kuandika. Leo anasoma gazeti hili. Na amwambie binti yake habari hiyo.

Elimu haina mwisho.