Nguzo Zilizosimama Kichwa Chini

Hotuba iliyotolewa Makongolosi katika maadhimisho ya miaka 100 ya Usharika



Tulipoanza kuandaa kitabu hiki cha kumbukumbu, liliulizwa swali: je, tuandike na yale yaliyotuaibisha, au tuyaache yazikwe pamoja na waliotutangulia? Ili kulijibu, nawaomba twende pamoja hadi Mkunazini, Unguja, kwenye Kanisa Kuu la Kristo la ndugu zetu Waanglikana, lililojengwa na wamisionari wa Kiingereza.

Kanisa lile linatuhusu. Wengi waliouzwa mahali lilipojengwa walitekwa katika nchi za kandokando ya Ziwa Nyasa, wakapelekwa kwa miguu hadi Kilwa, kisha kwa majahazi hadi Unguja. Soko lile lilifungwa Juni 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba na Waingereza. Krismasi ya mwaka ule ule jiwe la msingi likawekwa. Msimamizi wa ujenzi alikuwa Edward Steere, askofu aliyelifasiri Agano Jipya katika Kiswahili. Ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya 1877. Steere alipofariki mwaka 1882, alizikwa nyuma ya madhabahu.

Inasimuliwa kwamba madhabahu hiyo imesimama pale pale palipokuwa na mti waliofungiwa watumwa na kuchapwa viboko. Sakafuni pana duara la marumaru nyeupe, lililozungukwa na nyekundu kwa ukumbusho wa damu yao. Anayekwenda kupokea Chakula cha Bwana hupita akiliona.

Tena zimo nguzo zilizosimama kichwa chini. Inasimuliwa kwamba mafundi walikosea Askofu akiwa safarini, naye aliporudi akaziacha vivyo hivyo. Zipo hadi leo, na hakuna anayezionea haya.

Wala jiwe la msingi halikuimaliza dhambi ile. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897. Kwa miaka ishirini ibada ziliendelea kanisani mle, na nje ya milango yake wangalipo watu waliomilikiwa na watu wenzao.

Ndugu zangu, mji wetu umekuzwa na dhahabu. Tangu miaka ya 1920 machimbo ya Lupa yamevuta watu wa makabila mengi. Walikuja na bidii na imani. Ulikuja pia ulevi, na tamaa, na ugomvi. Mengine yaliingia hata kanisani, hata ndugu wakakataa kukaribia meza moja ya Bwana. Nakiri mbele yenu: mimi nilikuwa miongoni mwa walioshauri ukurasa huo uondolewe kitabuni. Niliteleza.

Waandishi wa Injili hawakuficha kwamba Petro alimkana Bwana wake. Kwa sababu hiyo twajua pia kwamba alisamehewa. Mjukuu atakayesoma habari za watakatifu watupu atadhani Kanisa si mahali pake. Basi ukurasa ule na ubaki, ili wajao wajue kwamba nyumba hii imesimama kwa neema, hata zikiwamo nguzo tulizozipindua sisi wenyewe.

Mungu aubariki Usharika huu. Amina.