Seti ya Patasi Kumi na Mbili: Kupima Vifaa Rahisi vya Kuchongea Kabla ya Kulipa

Mada kwa semina ya wachongaji na mafundi wa mbao, Turwa, Tarime

Ubora wa patasi hupimwa vizuri zaidi na litungu kuliko na karatasi ya tangazo. Ala hii ya Wakuria, yenye nyuzi nane na sauti nzito, huanza ikiwa gogo. Fundi hulichimba ndani mpaka libaki bakuli, kisha hulivika ngozi. Hapo kwenye kuchimba ndipo vifaa vinapoumbuka. Patasi bapa na nyoofu hugota kwenye ukuta wa bakuli kabla haijafika chini. Kinachofika ni tezo lenye ulimi uliojikunja, au bobari, ile patasi ambayo makali yake yamepinda kama mfereji.

Seti za bei nafuu zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa na kwenye magulio hazikutengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo. Nyingi huwa na vipande 6 au 12, vyembamba, vyenye mipini midogo ya kushika kwa vidole. Zinafaa kuchonga maua kwenye ubao au kuandika jina kwenye kibao cha mlangoni. Kijana anayeanza ufundi huona kumi na mbili kwa bei ambayo fundi mkubwa angenunulia patasi moja, akatoa akiba yake yote. Wiki mbili baadaye makali yamejikunja, mpini umepasuka, na kidole kimefungwa kitambaa. Jambo hili linastahili semina nzima, kwa sababu wengi huacha kazi hapo wakidhani mikono yao ndiyo mibovu.

Kosa la kwanza hufanyika kwenye kusoma maandishi. Seti nyingi zimepigwa chapa ya kromu na vanadi, na muuzaji huitaja kama cheti. Maneno hayo hueleza kilichochanganywa kwenye chuma, lakini hayasemi chuma kimekomazwa kiasi gani. Spana na bisibisi nazo hutengenezwa kwa chuma cha aina hiyo, tena spana hutakiwa isivunjike, si ikate. Patasi nzuri ya kuchongea huwa na ugumu wa takribani 58 hadi 62 kwenye kipimo cha Rockwell C. Ikiwa chini sana ya hapo makali hulala. Ikizidi sana humeguka.

Hakuna mwenye mashine ya Rockwell gulioni, lakini tupa ndogo inatosha. Ikipitishwa polepole kwenye pembe ya makali, tupa hung'ata chuma laini na kutoa unga. Kwenye chuma kilichokomaa huteleza kama juu ya kioo. Kipimo kifanyike kwenye makali yenyewe, maana shina karibu na mpini mara nyingi huachwa laini kwa makusudi ili lisikatike. Muuzaji anayekataa tupa isiguse hata kipande kimoja amekwishajibu swali. Wapo wanaogonga patasi na kusikiliza mlio; mlio hautegemeki.

Jicho nalo lina kazi. Patasi ishikwe kama bunduki inavyolengwa, itazamwe kutoka mpinini hadi nchani: shina liwe limenyooka na liingie katikati ya mpini. Kwenye bobari, unene wa kuta mbili za mfereji ulingane, na sehemu ya ndani iwe laini bila mikwaruzo ya mashine, kwa sababu kila mkwaruzo hufika kwenye makali na kuacha mstari juu ya mti. Rangi nene au nikeli inayong'aa huficha mengi. Doa la buluu kwenye ncha ni habari mbaya zaidi: linaonyesha kwamba jiwe la mashine lilikichoma chuma wakati wa kukinoa, kikafika karibu nyuzi joto 300 za Selsiasi, na ukomavu wake ukapungua.

Hata hivyo patasi isihukumiwe kama ilivyotoka kwenye pakiti. Karibu zote, hata za bei kubwa, huhitaji kunolewa kabla ya kazi ya kwanza. Kwenye zile rahisi, chuma kilichoungua mara nyingi ni cha milimita 2 au 3 za mwanzo tu. Kikiondolewa kwa jiwe na maji, bila haraka, hupatikana chuma kizima nyuma yake. Pembe ya kunoa nayo huharibu sifa za patasi isiyo na kosa. Kwa mti laini kama mgrivea nyuzi 20 hivi zinatosha. Kwa mpingo, mti mzito kiasi cha kuzama majini, zisipungue 25, na wengine hufika 30.

Mahali pa kujaribia pana uzito wake pia. Ng'ambo ya Sirari, huko Tabaka katika nchi ya Wakisii, mafundi huchonga jiwe laini ambalo hata kisu cha kawaida hulikata. Patasi inayotamba juu ya jiwe hilo, au juu ya kipande cha msonobari alichokiweka muuzaji, haijathibitisha lolote kwa mtu wa mpingo. Mnunuzi aje na kipande cha mti wake mwenyewe, akate kukingama na nyuzi za mti. Mkato mzuri hung'aa. Mkato wa chuma kibaya huacha manyoya meupe.

Namba nazo zimechanganya wengi. Katika utaratibu uliokulia Sheffield, Uingereza, namba iliyopigwa kwenye bobari hueleza mpindo wake: 3 karibu ni bapa, 9 inakaribia nusu duara, na 11 ni mfereji wenye kina. Seti rahisi mara nyingi hazina namba hizo, au zina namba za kuhesabia vipande tu, na maumbo yake hurudiwa. Tuseme seti ya 12 inauzwa shilingi 30,000 na vipande 4 tu ndivyo vyenye umbo la kazi. Basi kila patasi imenunuliwa kwa shilingi 7,500, si 2,500. Hesabu hiyo ifanyike dukani, na risiti idaiwe. Majina makubwa ya Ulaya hughushiwa, na Tume ya Ushindani, iliyotokana na sheria ya mwaka 2003, haiwezi kumsaidia mtu asiye na ushahidi wa alikonunua.

Patasi laini iliyokwisha kununuliwa isitupwe kabla ya kufikishwa kwa mhunzi. Magharibi mwa Serengeti kazi ya chuma ina ukoo wake wa zamani, Waturi, na maarifa yanayohitajika hapa ni yaleyale ya moto na rangi. Chuma hupashwa mpaka sumaku ya spika ya redio iliyokufa ikatae kukishika, takribani nyuzi 770, kikaongezewa moto kidogo, kisha kikazamishwa kwenye mafuta. Tupa ikiteleza baada ya hapo, kinang'arishwa na kupashwa tena taratibu hadi rangi ya majani makavu itokee, karibu nyuzi 220, ili kisimeguke. Tupa ikiendelea kung'ata, chuma hicho hakina kaboni ya kutosha na hakuna moto utakaokikomaza.

Mhunzi huyohuyo anaweza kukata kipande cha spring ya gari, chuma chenye kaboni ya takribani asilimia 0.6, akafua ulimi wa tezo uliopinda kwa kadiri ya bakuli la litungu. Tezo hilo, bobari moja pana na patasi bapa moja vinatosha kuchimba bakuli lote. Mafundi watakaokuja na seti zao mchana wavilete vipande vyote pamoja na pakiti, hata vilivyovunjika. Tupa, sumaku, mafuta na gogo la mgrivea vitakuwa mezani.