Kutoka Igawa hadi Makavazi ya Berlin: Habari za Vyuo vya Nyanda za Juu Kusini

    

Katibu wa jumuiya yetu hapa Berlin aliomba habari za vyuo vya nyumbani, hasa upande wa sanaa na sayansi za jamii, pamoja na ratiba ya miezi inayokuja. Habari zipo na ratiba ipo. Lipo pia ombi moja linalowahusu Waafrika Mashariki wanaoishi Ujerumani kuliko wanaoishi kwingine kokote, nalo litakuja mahali pake.

Tuanzie Igawa. Kwa wengi ni jina la barabara tu: Igawa–Tunduma, kilomita 218 hadi mpaka wa Zambia. Kwa abiria wa basi ni mahali pa kuvua sweta, maana ubaridi wa Makambako unaishia nyuma na joto la bonde la Usangu linaanza. Kwa wenyeji wa Mbarali, Igawa ni mto unaoteremka kutoka milimani, mpunga, ng'ombe na mifereji. Kijana wa hapo akimaliza kidato cha sita ana njia mbili za kufuata bila kuiacha barabara kuu. Akielekea Mbeya atakuta Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji, chenye jina la askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Moravian nchini Tanzania. Akirudi upande wa Iringa atakuta Chuo Kikuu cha Iringa cha Walutheri, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Ruaha, na Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, ambacho wanafunzi wanakiita Mkwawa tu.

Mkwawa ni cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kilianzishwa mwaka 2005. Majengo yake yana umri mkubwa kuliko chuo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 yalikuwa shule ya bweni ya watoto wa Wazungu, baadaye yakawa Sekondari ya Mkwawa, na leo wanasomea humo walimu wa masomo ya sayansi, sanaa na jamii. Wapo wanajumuiya waliosoma Mkwawa ikiwa sekondari, na wapo vijana ambao wadogo zao wako pale sasa hivi wakisubiri bumu.

Masomo ya sanaa yana kesi ya siku nyingi ndani ya familia zetu. Mjomba aliyeko ughaibuni hutuma ada bila kinyongo, ila akisikia mpwa wake anasoma historia au Kiswahili anakaa kimya kidogo kwenye simu, kisha anauliza kama hakukuwa na nafasi ya uhasibu. Swali lake si la kipuuzi. Ajira za walimu wa masomo ya sanaa ni chache, na katika mikopo ya serikali masomo ya sayansi na tiba yamekuwa yakipewa kipaumbele. Lakini miaka ya karibuni imeleta jambo jipya.

Mtaala mpya wa shule ulianza kutekelezwa Januari 2024. Ndani yake limo somo la lazima linaloitwa Historia ya Tanzania na Maadili, nalo linafundishwa kwa Kiswahili hadi sekondari. Ina maana kwamba mwalimu wa historia wa Rujewa au Chimala hawezi tena kukariri vita vya Ulaya kwa Kiingereza na kuviacha vya bonde lake kwa wazee wa kijiweni. Wanafunzi watamuuliza kuhusu Merere, mtawala wa Wasangu: kwa nini watu wake walisukumwa na Wahehe wakahamia Usafwa, na kwa nini walirudi Usangu miaka ya 1890 baada ya Wajerumani kuingia. Watamuuliza pia kwa nini mababu zao walisimama upande wa Wajerumani wakati jirani zao Wahehe walikuwa wakipigana nao. Swali hilo ni gumu, na mwalimu asiyejiandaa atalikwepa.

Kwa upande wa Wahehe, angalau kiunzi cha simulizi kinajulikana. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, jeshi la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lilikiteketeza kikosi cha Wajerumani cha Emil von Zelewski, naye mwenyewe akauawa. Mwaka 1894 Wajerumani waliibomoa ngome ya Kalenga kwa mizinga. Mkwawa alipigana msituni hadi Julai 1898, akajiua ili asikamatwe. Fuvu lake likadaiwa katika Mkataba wa Versailles, kifungu cha 246, na likarudishwa tarehe 19 Juni 1954, wakati Gavana Twining wa Tanganyika alipolikabidhi kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu. Lilitoka katika jumba la makumbusho la Bremen, mji ambao baadhi ya wanajumuiya huenda kwa treni kusalimia ndugu.

Vyuo vimeanza kuigusa historia hii kwa mikono. Chuo Kikuu cha Iringa kilianzisha mradi wa utamaduni wa Fahari Yetu, na kwa msaada wa Umoja wa Ulaya kililigeuza Boma la Iringa kuwa makumbusho ya mkoa, yaliyofunguliwa mwaka 2016. Boma hilo lilijengwa na Wajerumani mwaka 1914 liwe hospitali, kisha likatumika kwa miaka mingi kama ofisi za serikali. Wanafunzi wa anthropolojia ya utamaduni na utalii wana mahali pa kujifunzia kazi mjini hapohapo. Mgeni akitoka Boma anaweza kwenda Kalenga kuliona fuvu, na akipata nafasi akafika Isimila, kwenye zana za mawe za watu wa kale.

Huku Ujerumani nako mlango umefunguka. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alikwenda Songea, kwenye makumbusho ya Vita vya Majimaji, akaomba radhi kwa yaliyotendwa na wakoloni wa Kijerumani. Hapa Berlin, makumbusho ya etnolojia yameshafanya kazi na watafiti wa Tanzania kuhusu vitu vilivyochukuliwa vitani, na kitabu kilichotokana na kazi hiyo mwaka 2018 kina Kijerumani, Kiingereza na Kiswahili.

Hapo ndipo ombi linapoingia. Makavazi ya Taifa, Dar es Salaam, yana majalada ya utawala wa Kijerumani yaliyoingizwa mwaka 1997 katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Makavazi ya Shirikisho yaliyoko Lichterfelde, Berlin, yana majalada ya iliyokuwa Ofisi ya Makoloni, na mengi yanasomeka mtandaoni bila malipo. Karatasi za kuandikia historia ya Iringa na Usangu zipo katika nchi zote mbili. Msomaji ndiye anayekosekana. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu kule Iringa hajui Kijerumani, na hata akikijua, barua za maofisa ziliandikwa kwa mwandiko wa Kurrent, ambao Wajerumani wengi wa leo hawauwezi.

Jumuiya hii ina watoto waliosoma Kijerumani tangu chekechea na wanaongea Kiswahili na bibi zao kila Jumapili. Vyuo vya Nyanda za Juu havina vijana wa namna hiyo. Wachache kati yao wakijifunza Kurrent, jambo linalowezekana kwa miezi michache ya mazoezi, wataweza kusoma taarifa za kituo cha Wajerumani cha Iringa na kuzitafsiri kwa Kiswahili kwa ajili ya mwalimu na mhadhiri. Ni bora kuanza na jalada moja linaloihusu Usangu, likasomwa hadi mwisho, kuliko kuahidi ishirini.

Hiyo ni historia. Sayansi za jamii nazo zina shauri lao Mbarali, na ni la maji. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Lawama kubwa iliangukia ng'ombe. Kuanzia mwaka 2006 wafugaji na mifugo yao waliondolewa kwa nguvu Usangu, na mwaka 2008 eneo hilo likaunganishwa na hifadhi hiyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wenzao wa nje, waliofanya kazi bondeni kuanzia 2001, walikuwa wamesema jambo jingine: maji mengi yanayopotea kiangazi ni yale yanayochepushwa na mifereji ya mpunga upande wa juu. Mfugaji aliyehamishwa, mkulima wa Igawa, askari wa hifadhi na mwendesha mitambo wa bwawa la umeme la Mtera kila mmoja ana hesabu yake. Mhandisi anaweza kupima kina cha mto. Kuwakalisha hao wote kwenye jumuiya moja ya watumia maji, na kujua kwa nini mkutano wa mwaka jana ulivunjika, ni kazi ya aliyesomea jamii. Mjomba akiuliza tena, ajibiwe hivyo.

Sasa ratiba. Tarehe kamili hutangazwa na kila chuo, ila mwenendo wa mwaka unafahamika.

Julai huanza na Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Ndiyo siku TANU ilipozaliwa mwaka 1954, siku 18 tu baada ya fuvu kufika Kalenga. Katika majira hayo hutoka matokeo ya kidato cha sita, na baada yake madirisha ya maombi ya vyuo na ya mikopo hufunguliwa. Anayetaka kumsaidia mtoto wa ndugu asisubiri Oktoba. Vyeti vya kuzaliwa na vya vifo vya wazazi huhitaji kuhakikiwa, na wengi hukwama hapo.

Wakati wa likizo ndefu walimu wanafunzi wa Mkwawa hutawanyika mashuleni kwa mazoezi ya kufundisha, na wenzao huenda fildi. Asiye na mkopo hujilipia nauli na chumba. Msaada wa kiasi hicho ni mdogo kwa wanaolipwa kwa yuro, na unaweza kumfikisha mwanafunzi hadi shule ya Mbarali ambako angekwepa kwenda.

Agosti 8 ni Nane Nane. Maonyesho ya kanda hufanyika Mbeya kwenye viwanja vya John Mwakangale, na walioko likizo nyumbani wanaweza kukutana na wahadhiri mabandani bila miadi. Mwaka mpya wa masomo huanza kati ya Oktoba na Novemba, na mahafali mengi huangukia Novemba na Desemba, wakati ambao wengi wenu mnatafuta tiketi za Krismasi. Ukipanga vizuri, tiketi moja inatosha kwa mahafali na sikukuu.

Mwenyekiti ameridhia mambo mawili yafanyike leo kabla ya chakula. Wazazi wenye vijana wanaosoma Kijerumani vizuri waandike majina yao kwa katibu, ili darasa la Kurrent lianze baada ya Pasaka. Na yeyote mwenye barua, picha au daftari la marehemu babu lililotoka Usangu, Uhehe au Ubena asiiache kwetu karatasi ya asili. Aje nayo, ipigwe picha kwa simu, iandikwe jina la kijiji na mwaka, kisha karatasi yenyewe irudi kabatini kwake.