Pimeni Upepo Kabla ya Kuchanga Pesa
(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

 

Kuna swali ambalo vikundi vingi vimeniuliza. Mnasema hivi: "Sisi tuko mbali na nguzo za stima. Upepo unavuma kwetu mchana na usiku, na hautozwi pesa. Kwa nini tusichange tununue kinu kidogo cha upepo, tupate mwanga nyumbani?" Swali ni zuri. Jibu langu ni kwamba inawezekana, lakini msitoe hata shilingi moja ya kikundi kabla ya kupima upepo wenu wenyewe. Mkisahau mengine yote ya leo, hilo msisahau.

Kwanza tuelewe kinu kinavyofanya kazi. Upepo unasukuma mapanga, mapanga yanazungusha dainamo, dainamo inatoa umeme, nao unapita kwa waya hadi kwenye betri. Jioni ukiwasha taa unatumia ule uliowekwa akiba. Ni kama dainamo ya baiskeli, ila anayekanyaga pedali ni upepo.

Sasa sikilizeni hapa. Upepo ukiongeza kasi mara mbili, nguvu yake haiongezeki mara mbili. Inaongezeka mara nane. Chukua kinu ambacho mapanga yake yanachora duara la upana wa mita 2. Upepo ukienda mita 3 kwa sekunde, kinaweza kutoa kama wati 12 tu, na vinu vingi vidogo hapo ndipo vinaanza kuzunguka. Upepo ukifika mita 6 kwa sekunde, kinu kilekile kinatoa kama wati 100. Kwa hiyo majirani wawili wanaweza kununua kinu cha aina moja kwa bei moja, wa mlimani akawasha taa na redio, wa bondeni akakaa gizani.

Mwenye kuuza atawaonyesha karatasi iliyoandikwa wati 300 au 500. Muulizeni: "Hizo ni wati za upepo wa kasi gani?" Mara nyingi ni za upepo mkali wa mita 10 kwa sekunde au zaidi. Huo nyumbani kwenu huenda mkauona siku chache tu kwa mwaka.

Nchi yetu ina upepo, hilo ni kweli. Kule Ngong mitambo ya kwanza iliwekwa mwaka 1993. Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, kuna mitambo mikubwa 365, iliyoanza kuingiza stima kwenye gridi ya taifa mwaka 2018. Haikuwekwa huko kwa bahati. Upepo unabanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, ukapita kwa kasi kama maji kwenye mfereji mwembamba. Lakini upepo wa Marsabit haumsaidii anayekaa bondeni katikati ya kahawa na migomba.

Basi, mtapimaje? Fungeni kitambaa chepesi juu ya nguzo ndefu, mahali palipo wazi. Mara tatu kwa siku, asubuhi, mchana na usiku, mtu mmoja aangalie na kuandika kwenye daftari. Kama majani yanachezacheza tu, aandike "hafifu". Kama majani na vijiti havitulii na kitambaa kimenyooka, aandike "wastani". Huo ni kama mita 4 au 5 kwa sekunde. Kama vumbi linapaa na matawi madogo yanatikisika, aandike "mzuri". Huo ni mita 6 hadi 8. Fanyeni hivyo mwaka mzima, kwa sababu upepo una majira yake. Watu wa pwani wanajua kusi na kaskazi si ndugu. Daftari likijaa "hafifu", acheni. Likiwa na "mzuri" siku nyingi, ndipo vikundi kadhaa vishirikiane kupata kipima upepo cha mkono, na kuuliza vipimo vya kituo cha hali ya hewa kilicho karibu.

Jambo la pili ni urefu wa mnara. Wengi wananunua kinu halafu wanakifunga juu ya mabati. Hapo miti na nyumba zinauvunja upepo, na kinu kinatetemesha paa. Kanuni ya mafundi ni kwamba mapanga yawe futi 30 juu ya kitu chochote kilicho ndani ya futi 500. Huko Malawi, William Kamkwamba alikuwa kijana aliyeacha shule kwa kukosa karo. Mwaka 2002 alijenga kinu kwa vipande vya baiskeli, feni ya trekta na miti, akawasha taa kwao. Mnara wake wa kwanza ulikuwa wa mita 5. Baadaye aliuinua hadi mita 12, ili upepo upite juu ya miti.

Jambo la tatu ni betri. Betri ya gari ni ya kuwasha injini. Ukiitumia taa kila usiku itakufa mapema. Tafuteni betri ya kazi hiyo, na msiimalize kupita nusu. Tena betri ikijaa, msikate tu waya wakati upepo ni mkali. Kinu kisicho na mzigo kinazunguka kwa wazimu na kuvunjika. Lazima kuwe na kidhibiti na breki, na fundi anayejua kuvitumia.

Mwisho, mlinganishe na jua. Nyumba yenye taa nne za wati 5 kwa saa nne, redio ndogo na simu mbili, inahitaji kama wati 130 kwa saa moja, ukijumlisha siku nzima. Paneli ya wati 50 siku ya jua zuri inatosheleza hayo, na haina kitu kinachozunguka na kuchakaa. Kwa wengi wenu jua ndilo litashinda. Lakini penye upepo wa kweli, hasa unaovuma usiku na siku za mawingu, kinu na paneli vinasaidiana vizuri.

Pesa ya kikundi ni ya mama aliyeuza mayai, na ya kijana aliyebeba mchanga. Mkutano ujao kila kikundi kije na jina la mtu wa kuangalia kitambaa, jina la wa kumsaidia, na daftari lililoanza kuandikwa. Habari za kununua tutaongea likijaa.